Kufundisha waendeshaji wa setilaiti ndogo kwa gharama nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mafunzo haya yanamwandaa nani?

Yanamwandaa mtu atakayekaa kwenye kituo cha ardhini na kuiendesha setilaiti isiyo na mtu ndani: kupokea taarifa zake, kuitumia amri, kuitunza isife kabla ya siku zake. Tunazungumzia hasa setilaiti za CubeSat, yaani mchemraba wa sentimita 10 kila upande (1U) au michemraba kadhaa iliyounganishwa, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hadi 600. Ndizo ambazo vyuo na mashirika ya ukanda wetu vimemudu. Kenya ilianza na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018. Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kisha Kenya tena na Taifa-1 ya 3U mwezi Aprili 2023.

Lazima mtu awe mhandisi?

Hapana. Fundi redio, mwalimu wa fizikia au mtu wa kompyuta anafaa, mradi hesabu za pembe na logi hazimsumbui na anaweza kusoma miongozo ya Kiingereza bila kubahatisha. Ila kikundi kiwe na angalau mtu mmoja anayeijua setilaiti kwa ndani: saketi ya betri, redio, kompyuta yake. Wanaoshindwa mafunzo mara nyingi hawaangushwi na hesabu, wanaangushwa na haraka. Mtu anaona namba imegeuka nyekundu, anatuma amri kabla hajajua namba hiyo imetoka wapi.

Kikundi kiwe na watu wangapi?

Sita wanatosha kwa setilaiti moja. Kila zamu ina kiongozi, mtuma amri na mwangalizi wa telemetri (vipimo ambavyo setilaiti hutuma kuhusu hali yake). Wengine wanapumzika au wanaandaa mpango wa siku inayofuata. Msimamizi wa antena na redio anaweza kuwa mtu mmoja kwa zamu zote, kwa sharti kwamba awepo mwingine anayeweza kushika nafasi yake akiugua. Fundisha kila mtu nafasi mbili, si nafasi zote. Anayefundishwa kila kitu kwa wiki mbili hakumbuki chochote saa tisa usiku.

Hatuna setilaiti. Tunaanzia wapi?

Anzeni kwa kupokea setilaiti za wengine. Haigharimu kitu ukishakuwa na kipokezi, na inafundisha nusu ya kazi: kutabiri mpito (muda ambao setilaiti inapita juu ya upeo wenu), kuelekeza antena, kufuata masafa yanayohama, kutunza kumbukumbu.

Shabaha nzuri za mwanzo ni mbili. Ya kwanza ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachotoa sauti kwenye 145.800 MHz na pakiti fupi za data kwenye 145.825 MHz, nguvu yake inatosha kusikika hata kwa antena ya kushika mkononi. Ya pili ni setilaiti za hali ya hewa za Urusi za Meteor-M, zinazoshusha picha za kidijitali karibu na 137.9 MHz. Angalizo: maelekezo mengi ya mtandaoni bado yanawatuma wanafunzi wakazitafute setilaiti za Marekani za NOAA 15, 18 au 19. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025, na kuna watu wamebomoa antena nzima wakidhani wameikosea.

Vifaa vya kuanzia ni vipi, na vinagharimu kiasi gani?

Kipokezi cha USB aina ya RTL-SDR, kwa kawaida dola 30 hadi 40. Kompyuta mpakato ambayo tayari mnayo. Antena mnatengeneza wenyewe. Kwa 137 MHz, chukua fimbo mbili za alumini za sentimita 53 hivi, zilaze mlalo zikiwa zimetanuka nyuzi 120 kama herufi V, unganisha moja na waya wa kati wa kebo na nyingine na wavu wake. Kwa 145 na 437 MHz, antena ya Yagi ya vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, vikiwa vimefungwa kwenye bomba la plastiki la maji, inafanya kazi vizuri ajabu kwa bei yake.

Kituo cha kutuma amri ni habari nyingine. Redio ya kupokea na kutuma kwenye bendi zote mbili huzunguka dola 2,000, na mota za kuzungusha antena kwa mlalo na wima ni mamia kadhaa juu yake. Ushauri wetu ni kuvinunua mwisho, kikundi kikishazoea kupokea. Tumeona vituo vyenye mota za bei kubwa zilizoshika kutu kabla ya mtu wa kuziendesha kupatikana.

Mbona hatusikii kitu?

Kagua kwa mpangilio huu, kwa sababu ndivyo makosa yanavyofuatana kwa wingi.

Kwanza saa. Kompyuta ikikosea dakika mbili, antena inatazama mahali setilaiti ilikokuwa, na kwa mwendo wa kilomita 7.6 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya kilomita 900.

Pili data za obiti. Zinakuja kama mistari miwili ya namba iitwayo TLE, hupatikana bure kwenye tovuti ya CelesTrak, na huchakaa: kosa huongezeka kwa kilomita moja hadi tatu kila siku. Za juzi hazina neno. Za mwezi uliopita, kwa setilaiti ya kimo cha kilomita 400, zinaweza kukukosesha mpito mzima, hasa jua likiwa limechafuka. Februari 2022 dhoruba ya jua ilitanua angahewa ya juu kiasi kwamba setilaiti za Starlink zipatazo 40, kati ya 49 zilizokuwa zimetoka kurushwa, zilirudi na kuungua.

Tatu kebo. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye 437 MHz hula zaidi ya nusu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye kipokezi. Kikuza mawimbi kifungwe juu, pale antena ilipo. Ukikifunga mezani kinakuza kelele ambazo kebo imekwisha kuziingiza. Mombasa, Tanga na Zanzibar kuna tatizo la ziada, chumvi ya baharini: viungo visivyofungwa kwa mkanda wa mpira vinageuka kijani ndani ya miezi. Kandokando ya Ziwa Victoria adui ni radi, na kituo kisicho na waya wa ardhini na kizuia radi kwenye kila kebo kinasubiri tu zamu yake.

Masafa yanahama kwa nini, na kwa kiasi gani?

Setilaiti ikikujia, unayasikia masafa yake yakiwa juu kidogo. Ikikuacha, chini kidogo. Kwenye 437 MHz tofauti hufika kama kHz 10 kila upande, kwenye 145 MHz kama kHz 3.5. Programu ya Gpredict hurekebisha yenyewe kama imeunganishwa na redio. Wanafunzi hukosea upande wa kutuma: setilaiti inapokuja, unayotuma lazima uyashushe ili yeye ayapokee mahali pake. Wape mpito mmoja wa kurekebisha kwa mkono. Hawatasahau.

Mpito mmoja una dakika ngapi, na unashusha data kiasi gani?

Hapa ndipo mipango mingi huanguka, basi tupige hesabu. Setilaiti iliyo kilomita 500 juu, ikipita utosini, inaonekana kama dakika 11 na nusu kutoka kuchomoza hadi kuzama. Ikiwa chini ya nyuzi 10 juu ya upeo haifai sana: iko mbali kama kilomita 1,700, na mawimbi yake ni dhaifu mara kumi na zaidi kuliko ikiwa juu yako. Zinabaki dakika saba na kidogo.

Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, dakika saba ni kilobaiti 500 kwenye karatasi. Toa vichwa vya pakiti, pakiti zilizopotea na amri za kuomba zirudiwe, unabaki na kama nusu. Picha ya megabaiti moja ni kazi ya mipito minne. Kwa biti 1,200 ni kazi ya wiki na zaidi, na ni afadhali kikundi kijue hivyo kabla ya kumwahidi waziri picha ya uzinduzi.

Mipito ni mingapi kwa siku? Setilaiti inayopita karibu na ncha za dunia huzunguka mara 15 kwa siku. Kituo cha Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwe, huiona karibu kila mzunguko. Nairobi au Kampala wataiona mara mbili hadi nne tu: asubuhi, kisha tena kama saa 12 baadaye. Mambo hugeuka setilaiti ikizunguka juu ya ikweta. AGILE ya Italia, iliyoinama nyuzi 2.5 tu, ilikuwa ikipita juu ya kituo cha Luigi Broglio, Ngomeni karibu na Malindi, kila mzunguko. Pwani hiyo hiyo ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970.

Pengo la saa 12 lazima liingie vichwani mwa wanafunzi. Chukua setilaiti yenye betri ya wati-saa 19 na paneli zinazoingiza wastani wa wati 2. Kisambaza mawimbi kinachokula wati 5 kikisahauliwa wazi mwisho wa mpito wa jioni, betri inaisha baada ya mizunguko minne, kama saa sita na nusu. Asubuhi mnaita, hakuna wa kuitika. Ndiyo maana amri ya kuwasha kisambaza mawimbi haitumwi kamwe bila muda wa kujizima ndani yake.

Programu zipi ni za bure?

Gpredict kwa utabiri. SatDump kwa kufungua picha. GMAT ya NASA kwa mahesabu ya obiti. Kwa meza ya kazi, yaani kuonyesha telemetri na kutuma amri, YAMCS na OpenC3 COSMOS. Chagua moja na ushikamane nayo. NOS3 ya NASA ni setilaiti nzima ya kuigiza ndani ya kompyuta, ikiwa na programu ya ndani ya cFS, na inatosha kabisa kwa mazoezi ya mwanzo.

SatNOGS ni mtandao wa vituo vya kujitolea. Ukiunganisha kituo chako unaweza kuomba vya wengine vikusikilizie, jambo ambalo ni dhahabu siku za kwanza baada ya kurushwa.

Mazoezi ya kuigiza yanaendeshwaje?

Pata kwanza "setilaiti ya mezani": bodi zile zile zitakazoruka, au nakala zake, zimetandazwa mezani na kuunganishwa kwa nyaya. Kama hakuna, tumia NOS3. Mkufunzi akae chumba kingine. Wanafunzi wamsikie kwa redio au simu tu.

Saa iheshimiwe. Mpito ni dakika nane, na ukiisha mawasiliano yanakatwa hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Kisha dakika 85 za kusubiri zinapita kweli, angalau katika baadhi ya mazoezi. Kishawishi cha kuruka muda huo ni kikubwa, lakini ndimo kikundi hujifunza kuandika, kubishana kwa adabu na kupanga amri za mpito unaofuata.

Tuwawekee hitilafu gani?

Anza na zinazotokea sana. Betri ya seli mbili, ambayo ikijaa ni volti 8.4, ishushe taratibu hadi 6.9 kwa mipito mitatu: nani ataona mwelekeo kabla kikomo hakijalia? Rudisha saa ya setilaiti kwenye 1 Januari 1970, kama inavyotokea kompyuta ikijiwasha upya. Poteza amri moja kati ya tano bila jibu. Zima umeme wa kituo dakika ya tatu. Hili TANESCO na Kenya Power watalifanya siku nyingine bila kuombwa, kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya kituo) ijaribiwe ikiwa na mzigo. Shusha joto la betri chini ya sifuri na uone kama kuna atakayekumbuka kwamba betri ya lithiamu ikichajiwa kwenye baridi hiyo inaharibika, na hita ndiyo ianze.

Inayowanasa wengi ni telemetri iliyoganda. Skrini inaonyesha volti 7.9, kila kitu kijani. Kumbe ni pakiti ya mpito uliopita, programu imebaki nayo. Mwanafunzi anatangaza setilaiti ni nzima wakati haijasema neno. Mfundishe kutazama vitu viwili kabla ya namba nyingine yoyote: namba ya mfuatano wa pakiti na muda wake. Visiposogea, hakuna telemetri.

Utaratibu wa maandishi uweje?

Kila hatua iwe na mambo manne: amri yenyewe herufi kwa herufi, kinachotarajiwa kuonekana, muda wa kukisubiri, na la kufanya kisipoonekana. Mpangilio wa mpito wa kawaida:

- Dakika 30 kabla: soma daftari la zamu iliyopita, pakua TLE, hakiki saa.
- Dakika 10 kabla: sogeza antena hadi upande wa kuchomoza, sikiliza kelele za kawaida.
- Kuchomoza: usitume kitu. Subiri bikoni (mawimbi mafupi ambayo setilaiti hutoa yenyewe), soma muda wa pakiti, volti, joto, sababu ya mwisho ya kompyuta kujiwasha.
- Kiongozi anasema "endelea" au "sitisha". Akisitisha, mpito wote ni wa kusikiliza.
- Amri moja moja, kila moja ikingoja jibu lake.
- Dakika mbili kabla ya kuzama: hakuna amri mpya. Hakikisha kisambaza mawimbi kitajizima.
- Baada ya kuzama: andika daftari kabla ya chai.

Muda wote uandikwe kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwetu hatari ni kubwa kuliko kwingine, kwa kuwa tuna namna tatu za kutaja saa: "saa nne asubuhi" ni 10:00 ya Afrika Mashariki na 07:00 UTC. Mtu akisema "mpito ni saa nne" bila zaidi, kuna atakayekuja wakati setilaiti imeshazama. Mezani tumia tarakimu nne na UTC tu.

Kwa nini kila amri iangaliwe na watu wawili?

Kwa sababu vyombo vya gharama kubwa vimepotezwa na watu wenye ujuzi. Phobos 1 ya Kisovieti ilipotea mwaka 1988 baada ya amri zilizokosewa herufi moja kuuzima mfumo wa kuielekeza. Juni 1998, waendeshaji wa SOHO, chombo cha kuchunguza jua, wakiwa wamebanwa na muda na wakitumia mlolongo wa amri uliobadilishwa bila majaribio ya kutosha, waliizima jairo (kifaa cha kupima mzunguko wa chombo) iliyokuwa ikifanya kazi, wakidhani ndiyo mbovu. Jairo nyingine ilikuwa tayari imezimwa. SOHO iliokolewa baada ya miezi. Hitomi ya Japani haikuokolewa: Machi 2016 ilizunguka kwa kasi hadi ikavunjika, ikisukumwa na namba zisizo sahihi za injini zake ndogo, zilizokuwa zimetumwa wiki kadhaa nyuma bila kuhakikiwa ipasavyo.

Wa pili asome amri kwa sauti kutoka kwenye skrini, si kutoka kwenye karatasi ya wa kwanza. Akisoma karatasi, anathibitisha nia ya mwenzake tu, wakati kinachotumwa ni kile cha skrini.

Siku za kwanza baada ya kurushwa zina nini cha pekee?

Setilaiti yenu haitasema kitu mara moja. Kanuni za CubeSat zinataka ingoje dakika 30 kabla ya kufungua antena na dakika 45 kabla ya kurusha mawimbi. Halafu kuna tatizo la utambulisho: roketi ya pamoja huachia makumi ya setilaiti, na kwa siku kadhaa hakuna anayejua TLE ipi ni ya nani. Fuateni kadhaa kwa zamu na mlinganishe jinsi masafa yanavyohama. Yenye mkunjo unaolingana na bikoni yenu ndiyo yenyewe. Zoezi hili lifanywe mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwa rekodi za setilaiti nyingine.

Leseni je?

Kutuma kunahitaji kibali, bila ubishi: CA nchini Kenya, TCRA Tanzania, UCC Uganda, RURA Rwanda. Kuhusu kupokea tu, ulizeni mamlaka yenu kabla ya kufunga antena. Bendi za redio za ridhaa lazima ziratibiwe na IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) na haziruhusu biashara. Data zenu zitasomwa na yeyote, ila amri za kuendesha chombo zinaruhusiwa kufichwa. Anzeni mchakato setilaiti ikiwa bado kwenye michoro.

Wapi tubane matumizi, wapi tusibane?

Baneni kwenye jengo, skrini kubwa za ukutani, safari za semina, na zamu za usiku: mpito wa kusikiliza tu unaweza kuachiwa kompyuta, mtu akaamshwa kwa ujumbe wa simu volti zikishuka. Msibane setilaiti ya mezani. Ikiuzwa au kuazimwa idara nyingine baada ya uzinduzi, hitilafu ya kwanza itatafutiwa dawa kwenye chombo kilicho angani. Msibane pia mishahara ya wawili wenye uzoefu, maana wakiondoka wanaondoka na yale ambayo daftari halikuandika.

Mtu amefuzu lini?

Kwa kikundi kinachoanzia sifuri, wiki 12 ni makadirio mazuri: tatu za kupokea, tatu za meza ya kazi na telemetri, nne za kuigiza, mbili za mtihani. Mtihani ni mipito sita mfululizo, miwili ikiwa na hitilafu asizoambiwa. Anafuzu kama hakutuma amri yoyote nje ya utaratibu bila idhini ya kiongozi, aliitambua telemetri iliyoganda, na daftari lake linamwezesha mtu ambaye hakuwepo kuendelea na zamu bila kumpigia simu. Kutopata data yote hakumwangushi. Asiyekaa mezani miezi mitatu arudie mipito miwili ya kuigiza kabla ya kugusa chombo halisi.